Programu ipi ya mfano inafaa somo la kwanza la vifurushi vya Debian?

Swali
Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandaa mwongozo wa kuwafundisha wanafunzi kutengeneza vifurushi vya Debian, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa kwenye mfumo huo wa Linux. Mwongozo wa zamani ulitegemea programu ndogo ya mtu binafsi, ambayo mwenyewe ameshaiondoa mtandaoni, kwa hiyo mwanafunzi hukwama kwenye kupakua kabla hajajifunza lolote. Natafuta programu ambayo hata baada ya miaka mitano itapatikana na itajengeka, yaani msimbo wake utageuzwa kuwa programu inayofanya kazi. Mnashauri ipi?

Jibu la 1
Mwalimu, tumia GNU Hello. Kazi yake ni kutoa salamu tu, lakini imeandaliwa makusudi iwe mfano wa programu iliyokamilika: ina configure (hati inayokagua kompyuta kabla ya kujenga), ukurasa wa man (mwongozo wa matumizi), tafsiri za lugha nyingi, majaribio yake yenyewe na leseni ya wazi ya GPL toleo la 3. Matoleo ya zamani hubaki kwenye ftp.gnu.org, la 2.10 la mwaka 2014 lipo pale pamoja na saini yake ya kidijitali. Faili la debian/rules, lenye maelekezo ya kujenga kifurushi, linatosha kuwa na mistari mitatu, wa mwisho ukiwa "dh $@" unaoziachia zana za Debian kazi yote, hivyo akili ya mwanafunzi inabaki kwenye mafaili ya control (maelezo ya kifurushi), changelog (orodha ya mabadiliko) na copyright (hakimiliki), ambako wanaoanza hukosea zaidi.

Jibu la 2
Naunga mkono, na kwangu sababu nzito zaidi ni kwamba hello tayari imo ndani ya Debian: mwanafunzi akimaliza, anaandika "apt source hello", amri ya kupakua msimbo wa kifurushi hicho, na kulinganisha kazi yake na ya watunzaji wenyewe. Epuka mafaili yaliyobanwa ambayo GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, huyatengeneza yenyewe. Januari 2023 namna ya kuyabana ilibadilishwa, alama za SHA-256, za kuhakiki kwamba faili halijabadilika, zikawa tofauti ingawa msimbo ulikuwa uleule, na kazi za watu wengi zikakwama hadi mabadiliko hayo yalipoondolewa.

Muuliza swali
Nawashukuruni sana. Ila Hello haihitaji maktaba yoyote ya ziada, Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika ili kujenga, nitaifundishaje?

Jibu la 1
Ifanye somo la pili, kwa GNU nano, kihariri cha maandishi kinachohitaji libncurses-dev, maktaba ya kuonyesha maandishi kwenye terminali. Waache kwanza wajenge bila kuitaja, ndani ya mazingira safi ya sbuild (zana inayojenga kifurushi kwenye mfumo mtupu uliotengwa), wasome wenyewe configure inalalamikia nini, ndipo waiongeze. Kwenye kompyuta zao za kila siku kosa hilo linaweza lisionekane kabisa, kwa kuwa huenda maktaba ilishawekwa kwa ajili ya kazi nyingine. Tena pakua mapema mafaili ya programu zote mbili pamoja na saini zake, uyaweke kwenye flashi, intaneti ya darasani isije ikakuangusha.