Tupeane uzoefu: mliotolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, yalikukuteni yapi?

Mama Pacha wa Tabata
Shoga zangu, jana nimempeleka wifi yangu hospitali. Uvimbe umefika kitovuni, hedhi siku 15 mfululizo, damu ipo 6. Daktari kasema kizazi kitolewe. Nilipoiona ile karatasi ya kusaini, mikono ikanitetemeka, nikakumbuka yangu ya 2016. Damu ilivuja usiku uleule, nikarudishwa chumba cha upasuaji, nikaongezewa chupa 3. Semeni ukweli, msimpe moyo tu.

Bi Shughuli
Mimi mshono ulitunga usaha. Wiki tatu nasafishwa kidonda. Mengine namwachia Mungu.

Kungwi wa Mbagala
Nilikuwa na miaka 43, uvimbe wa kawaida, si saratani. Wakatoa mpira wa mkojo, nikaruhusiwa. Siku ya tisa nimekaa mkekani nachambua mchele, nikasikia joto mapajani. Nikajua damu. Kuangalia, maji. Kunusa, mkojo! Nikaenda chooni, nikakojoa vizuri kabisa, kusimama bado unachuruzika.

Niliporudi kule nilikopasuliwa wakaniambia kibofu kimelegea, nifanye mazoezi ya kubana. Miezi mitano jamani. Natandika nailoni chini ya shuka, nafua alfajiri watoto wasione, kwenye daladala nasimama hata siti zikiwa wazi. Harusi ya mdogo wangu sikwenda, nikasingizia malaria.

Hospitali nyingine ndiyo waliogundua: mrija unaoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto ulijeruhiwa wakati wa kukata. Figo moja inapeleka kibofuni, nyingine inamwagia ukeni. Ndiyo maana nilikuwa nakojoa na huku navuja. Wakaupandikiza upya kwenye kibofu. Sasa nalala shuka kavu.

Zuhura K
Nimelia ofisini.

Mti Dawa
Ndiyo maana nasema msikubali visu. Kuna mizizi inayeyusha uvimbe, nitafuteni.

Bi Shughuli
Wewe koma! Dada yangu kanywa mizizi yenu mwaka mzima, kafika wodini damu 4.

Mti Dawa
Hakufuata masharti.

Bi Shughuli
Masharti yapi, afe kwanza?

Baba Neema
Mke wangu walimtoa na ovari zote mbili, yaani vifuko vya mayai, ana miaka 38. Usiku wa manane anafungua madirisha, jasho linamtiririka, analia bila sababu. Nikadhani amenichoka. Hakuna aliyetuambia kwamba ovari zikitoka, ukomo wa hedhi unaingia mara moja. Tungejua, nisingemnunia miezi yote ile.

Nesi wa Zamu
Mama Pacha, muulize daktari kabla ya kusaini: ovari zinabaki? Kama wifi bado anataka mtoto, je, uvimbe hauwezi kutolewa peke yake? Na damu 6 ipandishwe kwanza. Baada ya upasuaji anyanyuliwe mapema atembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, msisubiri asubuhi, damu inaweza kuwa imeganda. Wiki 6 asibebe ndoo, na mume avumilie.

Bibi Tausi
Atembee na mshono? Mimi nililala siku 40, nakandwa maji ya moto tumboni, uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Nina miaka 71 na bado nalima.

Nesi wa Zamu
Uji sawa bibi. Maji ya moto juu ya mshono hapana.

Zuhura K
Kungwi, ulilipa kiasi gani kurekebishwa?

Nesi wa Zamu
Fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo kama la Kungwi, hutibiwa bila malipo hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Mwenye kuvuja asijifiche.

Mama Pacha wa Tabata
Nimemsomea wifi yote. Kashika la ovari tu, anasema kesho hasaini mpaka ajibiwe.

Mgeni 88
Kungwi, naomba nikuandikie pembeni. Mwezi wa nne huu natandika nailoni.