Mrejesho: Nimebadilisha anwani za kurasa za tovuti yangu

Wakuu, niliuliza kama nibadilishe anwani za aina ya /?p=482 ziwe maneno yanayosomeka, au niziache kwa kuhofia kupotea Google. Nimebadilisha.

Ukurasa ule sasa ni /mafunzo/kutengeneza-meza. Maneno nimeyatenganisha kwa kistari, si kwa mstari wa chini, kama Google wanavyoshauri. Herufi zote ni ndogo, maana kwao /Meza na /meza ni anwani mbili.

Kazi hasa ilikuwa kwenye kuelekeza. Kila anwani ya zamani nimeipa 301, yaani agizo la kuhama kwa kudumu, inayokwenda moja kwa moja kwenye mpya yake. Tafadhali msizirundike zote ukurasa wa mwanzo, Google huweza kuzihesabu kama kurasa zisizopo. Na ziacheni zifanye kazi walau mwaka 1. Viungo vya ndani na ramani ya tovuti (sitemap, orodha ya kurasa inayosomwa na Google) nimesasisha pia.

Kurasa ziliyumba kwa muda kwenye matokeo ya Google, kisha zikarudi zilipokuwa. Hazijapanda, na aliyeniambia kwamba maneno kwenye anwani yana uzito mdogo alisema kweli, namshukuru sana. Faida naiona kwa wasomaji: mtu akitumiwa kiungo anajua kinahusu nini kabla hajakibonyeza. Kama anwani zenu tayari zinasomeka, msiziguse.