Mrejesho: Hedifoni zisizo na waya, nimeishia kwa Momentum 4

Wakuu, niliuliza nichukue zipi kati ya Sony WH-1000XM5, Bose QuietComfort Ultra, AirPods Max na Sennheiser Momentum 4. Nilitaka muziki usikike vizuri na masikio yasiume nikizivaa kutwa nzima, tena juu ya miwani.

AirPods Max niliziondoa mapema. Zina gramu 385 hivi, na shingo yangu haitaki mzigo huo. Bose ndizo laini kuliko zote, na kwa kuzima kelele za nje sikuona za kuzishinda. Ila mimi husikiliza zaidi sehemu tulivu, kwa hiyo sifa hiyo ningeilipia bure.

Aliyeniambia nisihangaike na LDAC, njia ya Sony ya kutuma muziki wenye data nyingi kwa Bluetooth, alinisaidia sana. Natumia iPhone, na iPhone haina LDAC, hutuma muziki kwa njia nyingine iitwayo AAC. Zile kilobiti 990 kwa sekunde za LDAC zingebaki maandishi kwenye boksi tu.

Basi nikachukua Sennheiser. Besi niliiona nzito kidogo, nikaipunguza kwenye ikwalaiza ya programu yake, sauti za waimbaji zikaja mbele. Gramu 293 si nyepesi kama Sony zenye 250, lakini mito yake haikandamizi miguu ya miwani. Chaji ni hadi saa 60, hapo sina la kusema. Muonekano wa kawaida mno, lakini nikizivaa mimi sizioni!

Na mkuu uliyeshauri nizijaribu kwa nyimbo ninazozijua vizuri kabla ya kulipa, ahsante sana.