Mada: Nyumba yenye picha ukutani, Mittenwald. Tusaini mkataba?

Kutoka: Mama Neema, Augsburg. Jumatatu usiku

Hamjambo wapendwa,

Baba Neema amepata kazi ya upishi hotelini Mittenwald, kule kusini mwa Ujerumani mpakani na Austria, na nyumba ya kupanga tumeshaipata. Vyumba vitatu, ghorofa ya kwanza, mtaa wa Im Gries. Siku nilipokwenda kuiangalia nilisimama nje dakika kumi nzima. Ukuta wote wa mbele umechorwa Bikira Maria, malaika, na nguzo ambazo ukizisogelea unakuta wala si nguzo, ni rangi tu.

Sasa mkataba umekuja na karatasi ya ziada. Jengo liko chini ya Denkmalschutz, yaani ulinzi wa majengo ya kale, mpangaji asiguse dirisha, mlango wala ukuta wa nje bila idhini ya maandishi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima na mpole, alinieleza kwa Kibavaria nikaambulia nusu.

Dishi tutalifunga wapi? Mama mkwe yuko nasi, na bila taarifa ya habari ya nyumbani halali. Halafu madirisha ni ya mbao, mawilimawili, moja nje moja ndani. Baridi ya milimani tutaiweza? Dada mmoja kanisani ameniambia nikimbie, eti nyumba hizo ukipiga msumari mmoja unapelekwa mahakamani. Kuna aliyewahi kuishi humo anieleze?

Kutoka: Seremala, Murnau. Jumanne

Mama Neema, salaam.

Msumari haukupeleki mahakamani. Huyo dada kasikia nusu ya hadithi, nusu nyingine ninayo mimi. Nafanya useremala huku mwaka wa kumi na moja sasa, karakana yetu kazi yake kubwa ni madirisha ya zamani, na ngazi za nyumba za Mittenwald nimezipanda kuliko za kwetu Kisauni.

Ujue kwanza unahamia wapi. Mittenwald kisheria ni Markt, hadhi iliyo kati ya kijiji na mji, na zamani ilimaanisha mahali palipopewa ruhusa ya kuwa na soko. Bavaria, jimbo letu hili, ina Markt zaidi ya 380. Hii ya kwenu iliota mbawa kwa ugomvi wa watu wengine: mwaka 1487 wafanyabiashara wa Venice walikosana na mtawala wa Tirol, nchi jirani ya milimani, wakalihamisha soko lao kutoka mji wake wa Bozen hadi Mittenwald, nalo likakaa hapo mpaka 1679. Karibu miaka 200 wenyeji wanaishi kwa kusafirisha na kutunza mizigo ya watu. Soko liliporudi lilikotoka, njaa ikaanza kubisha hodi. Kilichowaokoa ni fidla, hizi hizi za taarabu. Matthias Klotz (1653–1743) alianzisha ufundi huo pale, ukashika mizizi, na shule ya kutengeneza fidla iliyofunguliwa 1858 ipo hadi leo. Sanamu yake utaiona mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo, lile ambalo hata mnara wake umechorwa.

Picha za ukutani wanaziita Lüftlmalerei, na nyingi za kale ni za karne ya 18. Fundi hakupaka rangi juu ya ukuta mkavu. Alipiga lipu ya chokaa kipande kwa kipande, akachora ikiwa bado mbichi. Chokaa ikikauka hunyonya kaboni dayoksaidi hewani na kurudi kuwa jiwe, rangi ikiwa imo ndani ya jiwe. Ndiyo maana mvua na theluji za miaka 250 hazijaifuta. Lakini ukitoboa tundu la skrubu hapo, hakuna kopo la rangi dukani litakaloziba doa lako.

Kwa hiyo dishi kwenye ukuta ule sahau. Najua watu watakuambia kuna haki, na kweli ipo: Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya mpangaji mgeni kupata habari za kwao lazima ipimwe sambamba na haki ya mwenye nyumba. Ipimwe, dada, si kwamba inashinda daima. Siku hizi hakimu atakuuliza kwa nini usitazame kwa intaneti, na ukiongeza ukuta wenye malaika wa karne ya 18, mizani inakuangukia. Mnunulie mama kisanduku cha intaneti, umwekee chaneli zake, yaishe. Au kama kuna uwanja wa nyuma, dishi la kusimama lenyewe kwa uzito, lisilotoboa popote na lisiloonekana barabarani. Hilo nalo muulize mwenye nyumba kwanza.

Misumari ya ndani, kutundika picha na kalenda, mara nyingi haina neno, ila uliza kama kuna ukuta wa mbao au dari yenye nakshi. Kuna nyumba ambazo hata ndani kunalindwa.

Madirisha sasa, maana hapa ndipo nyumbani kwangu. Hayo mawilimawili yanaitwa Kastenfenster, na watu huyadharau kwa kuwa hayajui. Kati ya dirisha la ndani na la nje kuna nafasi ya kama kiganja, na hewa iliyotulia pale ndiyo blanketi lako. La ndani libane kabisa, la nje liache lipumue kidogo. Asubuhi ya Januari tazama vioo. Ukikuta kioo cha nje kimejaa jasho upande wake wa ndani, maana yake joto la chumbani linavuja kupitia dirisha la ndani: fremu imelegea au bawaba imeshuka. Usiweke gundi wala povu la kopo. Mwambie mwenye nyumba aite seremala, ni kazi ya saa moja tu. Mimi huanza kwa kupitisha karatasi kati ya fremu na ubao wake. Ikiteleza bila kukwama, hapo ndipo penye ugonjwa.

Fungueni madirisha wazi kabisa dakika tano, mara mbili tatu kwa siku, kisha mfunge. Kuliacha wazi kidogo kutwa nzima kunapoza ukuta na kuleta kuvu. Na kabati lisiegemee ukuta wa nje, liache nafasi ya ngumi.

Sainini. Ila pimeni ngazi kabla hamjahamisha vyombo.

Kutoka: Mwana wa Amu, Rosenheim. Jumanne

Shikamooni wakubwa.

Seremala kanikumbusha mbali. Babu yangu Lamu alikuwa fundi wa chokaa, wakichoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo. Nyumba zile za mawe na boriti za mikoko zinataka chokaa. Ikaja saruji, kila mtu akaona hii ndiyo maendeleo, wakapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi ikasukuma kwa ndani, na baada ya miaka michache lipu ikawa inabanduka vipande kama maganda ya muhogo.

Huku nilipokodi nyumba ya zamani nilimkuta fundi wa Kijerumani anamwambia mwenye nyumba maneno yale yale ya babu: saruji hapana, chokaa. Nilicheka peke yangu. Mama Neema, ukiona doa la unyevu chini ya ukuta usilifunike kwa rangi ya plastiki ya duka la vifaa. Acha ukuta ukauke na utoe taarifa.

Kutoka: Baba Zawadi, Nürnberg. Jumatano asubuhi

> Msumari haukupeleki mahakamani

Naingilia kidogo. Sisi tunafikiria *kununua* nyumba ya namna hii, Markt nyingine huku Franken, kaskazini mwa Bavaria, ya nguzo za mbao zilizojazwa udongo. Bei yake ni karibu nusu ya nyumba mpya. Seremala, ni mtego?

Kutoka: Seremala, Murnau. Jumatano

Baba Zawadi, bei ni nusu kwa sababu nusu nyingine utailipa kwa mafundi. Mtego haupo kama utafuata mpangilio. Mimi sikufuata, ngoja nikueleze.

Mke wangu na mimi tulinunua nusu ya nyumba ya zamani, ndogo, uani kuna banda la kuku. Madirisha mawili ya nyuma yalikuwa yameoza. Muuzaji mmoja wa madirisha ya plastiki akatuambia upande wa nyuma haumhusu mtu, sheria inaangalia uso wa nyumba. Na mimi, seremala wa madirisha ya zamani, nikamwamini kwa sababu ya bei! Kufumba na kufumbua yakafungwa. Miezi minne baadaye ikaja barua. Sheria haina mbele wala nyuma. Jengo zima linalindwa. Tukayatoa, nikachonga ya mbao mwenyewe usiku baada ya kazi. Moja la plastiki lipo bandani, kuku wangu wana kioo mara mbili.

Sheria ya Bavaria ya kulinda majengo ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1973. Inasema ukitaka kubadilisha, kubomoa au kuhamisha chochote katika jengo hilo, uombe idhini kwanza. Ombi linakwenda ofisi ya wilaya, Landratsamt, na kwa Bavaria idhini yenyewe hailipiwi. Wataalamu wanatoka Bayerisches Landesamt für Denkmalpflege, idara ya jimbo ya kutunza majengo ya kale iliyopo tangu 1908, na huwa wana siku maalumu za kuja wilayani kukaa na wenye nyumba. Ulizia siku hiyo. Nenda na picha za simu na daftari, kabla hujachora ramani wala kumlipa mtu malipo ya awali. Wengi wanaona haya kwenda, wanadhani ni polisi. Mimi nilikwenda kwa kulazimishwa, na yule mama aliyenihudumia ndiye aliyenionyesha kwamba sakafu yangu ya jikoni ilikuwa imefunika nyingine nzuri zaidi chini yake.

Kabla ya kununua, fungua Bayerischer Denkmal-Atlas kwenye intaneti, ni bure, utafute anwani. Kuna majengo kama 110,000 katika orodha ya Bavaria nzima. Angalia pia kama nyumba imo ndani ya Ensemble, maana hapo mtaa mzima unahesabiwa kitu kimoja, na hata nyumba isiyo na umri inabanwa. Nyumba kutokuwemo kwenye orodha si kinga: orodha ya Bavaria inataarifu tu, ulinzi unatokana na jengo lenyewe. Ukiona mihimili mizee na nyumba huioni kwenye orodha, uliza kwa maandishi.

Suala la kodi ya mapato namwachia mwenye hesabu zake.

Kutoka: Mhasibu, München. Jumatano usiku

Nipo, nimeitwa.

Baba Zawadi, ukiishi mwenyewe ndani ya nyumba, kifungu cha 10f cha sheria ya kodi ya mapato kinakuruhusu kukata asilimia 9 ya gharama za ukarabati kila mwaka kwa miaka 10. Ukiipangisha ni kifungu cha 7i: asilimia 9 miaka 8, kisha asilimia 7 miaka 4. Tuseme umetumia euro 100,000 kwa kazi zilizokubaliwa na unaishi humo: unapunguza mapato yanayotozwa kodi kwa 9,000 kila mwaka. Hupewi 9,000 mkononi, hapo ndipo watu wengi hukosea. Kama euro yako ya mwisho inatozwa asilimia 30, unaokoa 2,700 kwa mwaka.

Bei ya kununua haimo, ni kazi zinazofanyika *baada* ya mkataba wa kununua tu. Lazima upate cheti kutoka Landesamt, na cheti hakitoki kama kazi haikukubaliwa *kabla* ya kuanza. Risiti za Seremala za yale madirisha ya plastiki hata kuwashia jiko hazifai. (Samahani kaka.) Tena unapoishi mwenyewe, mtu mmoja anapata nafuu hiyo kwa jengo moja tu maishani, mke na mume ni majengo mawili.

Jambo la mwisho: kwa jengo linalolindwa muuzaji halazimiki kukuonyesha cheti cha matumizi ya nishati. Kwa hiyo dai bili za kupasha joto za miaka mitatu. Akizificha, ongeza pesa za tanuri kwenye hesabu zako.

Kutoka: Baba Zawadi, Nürnberg. Alhamisi

Na sola juu ya paa?

Kutoka: Seremala, Murnau. Alhamisi

Tangu Julai 2023 Bavaria imelegeza, siku hizi ombi la sola halikataliwi kirahisi kama zamani. Idhini bado inatakiwa. Upande wa paa usioonekana barabarani ndio wa kuanzia.

Kutoka: Mama Neema, Augsburg. Jumapili, wiki mbili baadaye

Wapendwa, tumesaini.

Nilimpigia simu mwenye nyumba, nikamwomba aseme polepole. Karatasi yote ile ilikuja kwa sababu mpangaji aliyepita alifunga dishi katikati ya bawa la malaika. Alinipeleka kunionyesha: viraka viwili, mwenye macho anaviona. Mama mkwe ana kisanduku cha intaneti na analala vizuri. Nimepitisha karatasi madirisha yote kama Seremala alivyosema. La jikoni limeteleza, fundi anakuja Jumatano. Na Jumapili ya pili ya Septemba, siku ya majengo ya kale kufunguliwa milango Ujerumani nzima, karibuni tuzunguke pamoja kisha mle kwetu pilau.

Ngazi sikupima. Kabati la milango mitatu limekwama: mkono wa ngazi hauruhusiwi kung'olewa, dirishani halipiti, basi limerudi Augsburg juu ya gari lile lile lililolileta. Lipo gereji kwa jirani hadi mwisho wa mwezi. Anayelitaka aje na watu wawili wenye nguvu, ni bure.