Saa sita ya nani? Vioo 500 vimekuja, watu wanachuchumaa kusoma salio

Wakuu leo acheni niseme tu. Kazini kwetu tunaunda mita za maji za kulipia kabla, zile za vioski, na fundi wa saketi ni mimi. Tukaagiza kioo cha LCD kwa vipimo vyetu wenyewe kutoka Shenzhen, pisi 500, kina tarakimu sita na alama ya tone la maji na betri. Karatasi ya mahitaji kaandika jamaa wa manunuzi peke yake huko kwenye kiyoyozi, ukurasa mmoja! Eti "kioo kiwe cha kisasa na kionekane vizuri". Kionekane vizuri wapi, mezani kwako au Mbagala saa nane mchana na jua lile??

Fomu ya kiwanda inauliza mtu atakitazama kutokea saa ngapi, yaani upande gani kwa kufuata uso wa saa ya ukutani, jamaa akanipigia simu nikamwambia saa sita, mita inafungwa usawa wa kiuno kwa hiyo mtu anaiangalia kutoka juu. Saa sita mshale uko juu kabisa si ndio? Yeye anajaza Kiingereza akaandika 6. Kiwanda hakijakosea kitu, 6 ya saa ya ukutani iko chini, wakatengeneza cha kutazamwa kutoka chini. Na mchoro walitutumia kwanza tusaini, hiyo 6 imeandikwa pembeni wazi kabisa, bosi kasaini kwenye simu yuko foleni ya Ubungo, mimi wala sijaonyeshwa.

Jana nimefunga ya kwanza. Mama kasimama na ndoo yake, namba zimefifia kama zimepaukia juani, akichuchumaa zinatokea nyeusi tii. Akaniuliza, "Mwanangu, hii mpaka tuipigie magoti?"

Halafu kikaoni naambiwa geuza kwenye programu. Nigeuze nini jamani!! Huo mwelekeo unapangwa kiwandani wanaposugua lile tabaka la ndani ya kioo kabla hakijajazwa kimiminika, programu inaingiaje hapo. Nikipindua kioo chenyewe tone linasimama kichwa chini, nukta inapanda juu, na pini zinaangalia upande ambao kwenye bodi hakuna pa kuchomeka.

Sasa lawama zote kwa fundi, eti ningesema "kumi na mbili".

Kama kuna mtu anatengeneza kifaa cha maji cha kufungwa juu ya kichwa aje PM, vioo anavyo 500, vipyaaa.