Almasi ya maabara kwa pete ya uchumba: kipimo cha dukani kinatosha?

Muulizaji (Dar es Salaam): Habari zenu, wakuu. Natafuta pete ya uchumba, na sonara mmoja amenionyesha jiwe la karati moja kwa bei ya chini sana kuliko maduka mengine. Aliligusa kwa kifaa chenye ncha kama ya kalamu, kikalia, akasema huo ni uthibitisho kwamba jiwe limetoka mgodini. Je, nimwamini?

Fundi wa vito: Ndugu, kifaa hicho hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa, ni kaboni iliyojipanga sawasawa na ile ya ardhini, kwa hiyo kitalia kwa zote mbili, na baadhi ya vifaa hivyo hulia hata kwa moisanaiti, ambayo si almasi kabisa. Asili ya jiwe huthibitishwa kwa mashine za maabara za kupima vito, zinazosoma mpangilio wa ukuaji na chembe za naitrojeni, ambazo hupatikana katika almasi nyingi za mgodini. Omba cheti, kisha mwambie sonara akuwekee jiwe chini ya lenzi: kwenye ukingo mwembamba unaozunguka kiuno chake mara nyingi huchongwa namba kwa leza, nayo lazima ilingane na ya kwenye cheti. Asiyetaka uangalie, mwache na jiwe lake.

Mzaliwa wa Shinyanga: Mimi nimekulia karibu na Mwadui, ilikotoka almasi ya waridi aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947, kwa hiyo mkinisikia natetea mgodi mnisamehe. Jiwe la maabara ni zuri, lakini usilinunue kama akiba. Mwaka 2018 kampuni kubwa ya almasi ya De Beers walianza kuuza mawe ya maabara kwa dola 800 kwa karati, wakati wengine wakiuza ghali zaidi. Bei zikaendelea kuporomoka, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga biashara hiyo.

Dada wa Mombasa: Kaka, hata la mgodini ukilirudisha dukani hupewi ulicholipa. Pete ya uchumba hainunuliwi ili iuzwe. Kosa la sonara huyo ni kuficha asili ya jiwe, wala si kuuza la maabara.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nikichukua la maabara kwa bei yake halali, litahitaji uangalizi wa pekee?

Fundi wa vito: Hapana, ugumu wake ni uleule. Ila siku pete itakapohitaji kuchomelewa, hakikisha fundi analipaka jiwe asidi ya boriki iliyokorogwa kwenye spiriti kabla ya kuwasha moto, kwa sababu almasi yoyote, ya mgodini au ya maabara, ikipata joto kali penye hewa huungua usoni na kubaki na ukungu mweupe usiotoka mpaka ing'arishwe upya.