Bosi kawasilisha kazi yangu kwa mkurugenzi kama yake, nifanyeje kabla ya Jumatatu?

Karani wa Depo: Wakuu habari za usiku. Nipo depo moja ya vinywaji hapa Dar, mwaka wa 4 sasa. Magari yetu yalikuwa yanatoka hovyo, lori asubuhi lipo Mbagala mchana unalikuta Tegeta jioni linarudi Kongowe kumalizia kreti 20, mafuta yanateketea tu. Nikakesha miezi 3 na laptop yangu mwenyewe nikapanga ruti upya kwenye Excel, kila upande na siku yake. Nikampa bosi aangalie. Alhamisi kamwonyesha mkurugenzi, eti "nimebuni mpango", kapigiwa makofi, mimi sikutajwa kabisa. Chakula hakipiti. Niende kwa mkurugenzi au niache kazi? Naomba majibu kabla ya Jumatatu.

Mama Nuru: Mwanangu shukuru una kazi, wenzio wanazunguka mjini na bahasha. Riziki yako haiibiwi.

Fundi Cherehani: Pole sana. Mimi nilimbunia tajiri wangu mshono wa kitenge, wateja wakamiminika, akawa anawaambia ameuota. Nikasusa nikafungua kibanda changu, mwezi wa kwanza wateja 2 na mmoja alikuja kubadilisha zipu. Kuacha kazi usikimbilie.

Ticha wa Fizikia: Mnamsahau Erasto Mpemba. 1963 yupo Magamba sekondari anatengeneza aiskrimu, akaona maziwa ya moto yameganda kabla ya yaliyopoa, mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa akamuuliza Dk. Osborne wa chuo kikuu mbele ya watu wote, wenzake wakamcheka, ila Osborne akaenda kupima kweli na 1969 makala ikatoka na majina yote mawili. Angeweza kuweka lake tu, nani angejua? Sasa wewe bosi ulimpa kwa imeili au?

Karani wa Depo: Kwa flashi.

Wakili Mtarajiwa: Jumatatu kuna nini? Umeigusa ukairuka.

Karani wa Depo: Sawa, nisiwafiche. Ijumaa jioni faili la kompyuta ya ofisi nimeliwekea paswedi. Jumatatu saa 12 asubuhi magari yanapakiwa kwa ruti zile. Kama ni lake si alifungue? Sijaiba kitu cha mtu, ni jasho langu, na barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Bila hivyo hawatajua nani kaifanya.

Wakili Mtarajiwa: Toa hiyo paswedi haraka. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda kazi iliyoandikwa, na kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa mwajiri anaweza kudai ni yake hata kama ulikesha na laptop yako. Halafu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ukizuia data za ofisi wa kujieleza utakuwa wewe, bosi ataonekana kaonewa. Ukifukuzwa una siku 30 za kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, utaenda kusema nini? Laptop ina nakala za zamani zenye tarehe? Beba hizo.

Dereva Kreti: Hii chai. Nimeendesha lori la soda miaka 9. Karani anakaa stoo na kalamu, hajui duka gani Kongowe linachelewa kufungua wala wapi lori haliwezi kugeuza. Na kikao cha mkurugenzi uliingiaje?

Mama Nuru: Nami nilihisi chai, na sukari imezidi.

Karani wa Depo: Si chai kaka. Niliitwa kuunga waya wa projekta nikabaki nimesimama pembeni, naona rangi zangu ukutani, Mbagala kijani Tegeta njano. Mambo ya maduka nilielekezwa na utingo mmoja, Jumapili mbili alikaa na mimi ananichorea njia nyuma ya karatasi za delivari.

Dereva Kreti: Hapo nimekuelewa. Na huyo utingo kwenye faili umemwandika wapi?

Karani wa Depo: Sijamwandika.

Fundi Cherehani: Duh.

Karani wa Depo: Jumatatu alfajiri wakuu. Mlinzi kanifungulia, paswedi nimetoa. Ukurasa wa kwanza nimeweka majina mawili, la utingo na langu, na tarehe tuliyoanza, nimetuma imeili kwa bosi na nakala kwa mkurugenzi. Barua bado ipo kwenye begi. Utingo nampigia hapokei, leo gari lake linaanzia Bunju.